Mama Aliyebaki Kitini

Binti alimimina chai nusu kikombe, kwa sababu kikombe kilichojaa mama yake alikimwaga kabla hakijafika mdomoni. Kisha akamfunga vifungo vya blauzi, akamvalisha soksi, akamwambia, "Kaa hapo, mama, usijisumbue." Mama alikuwa mkunga mstaafu. Mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa ule sasa ilitetemeka hata ikiwa imelala mapajani. Daktari alisema ni Parkinson. Haiponi, lakini dawa pamoja na mazoezi vingempa siku nyingi nzuri. Binti alilisikia neno dawa. Neno mazoezi lilimpita kando.

Kwa hiyo Mkunga alijiandikisha mwenyewe kwenye mazoezi ya zahanati iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Mwalimu wa pale, ambaye wote walimwita Kocha, alimfundisha kuinuka: sogea ukingoni mwa kiti, vuta miguu nyuma, inama mpaka pua ipite magoti, sukuma.

Jumanne moja asubuhi alifanya hivyo sebuleni, akasimama. Alipogeuka kuchukua mtandio wake, akajiona mwenyewe bado amekaa kitini. Kichwa kimeinama, mate kidogo pembeni mwa mdomo, mkono wa kulia ukitetemeka kama unaochambua mchele. Mkunga alimfuta mate, akamfunika miguu kwa mtandio, akaenda zake, maana alikuwa amechelewa.

Huko alipiga ngumi hewani, akatembea hatua ndefu akihesabu kwa sauti. Miguu ilipoganda mlangoni, kama inavyowagandia wenye ugonjwa huo, alijiyumbisha kushoto na kulia mpaka ikaachia. Mkono bado ulitetemeka. Ugonjwa alikuwa amegawana na yule wa kitini, hakumwachia wote. Lakini baada ya miezi michache alifunga vifungo mwenyewe, na sauti yake, iliyokuwa imebaki mnong'ono, ikarudi.

Jioni moja aliingia nayo nyumbani. "Hamjambo humu ndani!"

Binti alitoka jikoni na bakuli la uji, kidole mdomoni. "Shh! Utamwamsha mama."

"Mama nani?"

"Mama. Ndiyo kwanza amelala."

Mkunga alimtazama mkwewe aliyekuwa akisoma gazeti, labda yeye angecheka. Mkwe akafunua ukurasa. "Yule hana shida," alisema. "Ukimweka hapo asubuhi, jioni unamkuta hapo hapo. Wewe kila saa uko barabarani, sisi tunabaki roho juu."

Kuwa wawili Mkunga alikuwa ameshazoea. Kilichomuuma ni kwamba walikuwa wameshachagua, na hakuna aliyeona haya.

Kesho yake, binti akianika nguo uani, Mkunga alimwinamia yule wa kitini. "Haya, mwenzangu. Sogea ukingoni. Inama. Pua ipite magoti."

Yule akasogea. Nguvu alikuwa nazo, tena tele. Alikosa tu wa kumwambia. Makalio yalikuwa yameshaachana na kiti binti alipoingia mbio, mikono imelowa.

"Unataka kumvunja nyonga?" Akamshika yule mabega, akamkalisha kwa nguvu huku akimbembeleza, "Pole, mama, pole."

Mkunga, aliyekuwa amesimama pembeni, alihisi mikono ile ya baridi ikimkandamiza mabega yake mwenyewe. Akaitambua. Uzito ule ule alikuwa ameubeba tangu alipoanza kuumwa, naye akidhani ndio ugonjwa wenyewe.

"Mwanangu," alisema, "mimi naweza kusimama."

"Unaweza, ndiyo." Binti alikuwa akilia. "Na ukianguka, mimi nitafanyaje? Huyu haanguki."

Mwisho wa mwezi likaletwa kochi jipya, laini, la kina kirefu. "Mama, tushikie mlango," binti aliita, na Mkunga akaushika mpaka wapagazi wakalipitisha. Wakamhamisha yule, wakamzamisha kwenye mito hadi yakabaki kuonekana magoti na uso tu. Binti akaubonyeza mto kupima ulaini wake, akatabasamu.

"Hapa hata akitaka, hawezi kuinuka."

Wapagazi wakamsifu kwa jinsi anavyomtunza mama yake. Mkunga akafunga kamba za viatu, polepole, mpaka zikakaza, akatoka. Kocha alikuwa ameshapiga filimbi.