Swali Ndani ya Povu

Kila asubuhi, kabla ya chai, mjane alishuka ghalani kugeuza chupa za divai. Zilikaa vichwa chini kwenye mbao zenye matundu. Kazi ilikuwa kuzungusha kila moja kidogo tu, leo kulia, kesho kushoto, na kuiinamisha zaidi, ili mashapo yateremke taratibu mpaka shingoni. Ukizungusha kwa nguvu, mashapo yanatifuka na divai inakuwa maji ya mfereji. Ukizungusha kwa uvivu, yanaganda ubavuni, hayatoki tena hata uyabembeleze. Shamba la mizabibu na kila kilichotoka humo vilikuwa mikononi mwa mama mkwe wake. Mama huyo hakumpenda mjane, lakini mbele za watu alikuwa akisema kwamba mikono ile Mungu aliiumba kwa ajili ya chupa.

Chupa hizi zilikuwa za mwaka aliokufa mume wa mjane.

Alifia kwenye chumba cha matangi, kilichochimbwa chini ya ardhi ili kiwe na ubaridi. Juisi ya zabibu inapochacha hutoa hewa nzito, isiyoonekana wala kunuka, inayolala sakafuni ikisubiri mtu. Kwa hiyo katika familia ile hakuna aliyeshuka bila mwenzake kusimama juu na kuteremsha mshumaa kwa kamba. Mshumaa ukiwaka, shuka. Ukizimika, kaa juu utafute kazi nyingine. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali.

Shemeji yake, yaani kaka wa marehemu, alisema kwamba siku ile yeye alikuwa shambani na wachumaji, mwisho kabisa wa mteremko, na kwamba mdogo wake alionja mno akashuka peke yake. Mama mkwe alilia, akafuta machozi, akasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Mistari ya mizabibu ya mteremko wa juu, ambayo marehemu aliipanda mwenyewe na aliahidiwa itakuwa yake, ikaenda kwa kaka. Mjane na binti yake wakaachiwa chumba cha nyuma, kwa hisani. Divai iliyokuwa matangini haikumwagwa. Zabibu za mwaka ule zilikuwa zimekubali sana.

Wakati wa kuonja ulipofika, shemeji alifungua chupa ya kwanza mezani, mchana, dirisha likiwa wazi, akamimina kwenye glasi. Povu likapanda, na ndani ya povu marehemu akauliza:

"Kaka, mshumaa unawaka?"

Ilikuwa sauti yake, na kale kakikohozi kake. Kisha kutoka chini kidogo ndani ya glasi sauti ya shemeji ikajibu: "Unawaka bwana, shuka! Unaogopa nini na ndevu zote hizo?"

Glasi ikatulia. Shemeji akaonja, akazungusha divai kinywani, akatema kwenye ndoo.

"Bado ina ukali," alisema.

"Ukali kidogo si mbaya," alisema mama mkwe. "Hebu funga hilo dirisha, nzi wanaingia."

Mjane aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia glasi. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mkwe. Sina pamba masikioni."

"Shemeji alikuwepo. Akamwambia mshumaa unawaka. Ungekuwa unawaka, mume wangu angekuwa hapa anakula nasi."

"Sikuuwasha, shemeji," alisema shemeji, kama mtu anayeeleza kwa nini mboga haina chumvi. "Kiberiti kilikuwa kimelowa. Sasa niende mpaka jikoni kwa ajili ya njiti moja?"

Mama mkwe alikata mkate. "Ndiyo hivyo tena. Nilikuwa na wana wawili, nimebaki na mmoja. Unataka nimtoe na huyu?"

"Sitaki mtu atolewe, mama. Nataka mistari ya juu iwe ya mtoto wangu, kama baba yake alivyoahidiwa."

"Tutaona," alisema mama mkwe, na wote walijua neno hilo maana yake nini katika nyumba ile.

Padri alipokuja kubariki mavuno, mjane alimfungulia chupa pembeni. Padri alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alisema marehemu anasikika vizuri, na kwamba sauti kama hiyo ilistahili kwaya. Mjane akamwomba azungumze na mama mkwe juu ya mtoto. Padri akasema waliokufa wako mikononi mwa Mungu, ila walio hai wanalala chini ya paa moja, na amani ya paa moja si kitu cha kuchezea. Kisha akaomba aongezewe kidogo, ili alisikie lile jibu la pili vizuri. Mjane alimwongezea. Aliendelea kusali kama kawaida, lakini siku ile katika sala zake hakumtaja padri.

Mnunuzi alitoka mjini, ambako alikuwa na hoteli kubwa. Alifungua chupa mbili, akasikiliza zote mbili, akafurahi.

"Wageni wangu watapenda," alisema. "Divai inayouliza swali, nani anayo? Ila huyo wa pili mtoeni. Ana kiburi, anamharibia mtu kinywaji."

Mama mkwe aliinua chupa kwenye mwanga wa mlango. "Huyo wa pili atashuka tu," alisema. "Uongo una uzito. Unakaa na mashapo. Chupa ikigeuzwa vizuri, wote utafika shingoni, tuuteme." Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumzia hamira.

Mnunuzi alipoondoka, mama mkwe alimfuata mjane ghalani, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, kwa sababu ya magoti.

"Mwanangu," alimwita hivyo kwa mara ya kwanza, "mtu mwingine akizigusa hizi atazitifua zote. Geuza mpaka asikike mumeo peke yake. Ukimaliza, mistari ya juu ni ya mjukuu wangu. Nasema mbele ya Mungu."

Mjane aliangalia safu za chupa. Alikuwa na ushahidi mwingi kuliko mjane yeyote aliyemfahamu, umejaa ghala zima, na ulikuwa umeshasikiwa na wote waliopaswa kuusikia. Uani binti yake alikuwa akiosha chupa. Vidole vya mtoto vilikuwa vimechanwa na vigae vya chupa, na siku hizi alikuwa ameacha kulalamika.

Mjane akageuza. Aliweka sikio kwenye kioo kila asubuhi, akasikia jibu likiteleza. Ndevu zilitangulia. Ikafuata "shuka". "Unawaka" liling'ang'ania ubavuni mwa chupa kama kupe, akalazimika kuligongagonga kwa kidole, kwa upole, mpaka likaachia. Hakuna chupa hata moja iliyotifuka.

Siku ya kutema, shemeji alizifungua chupa moja moja juu ya ndoo, na kila chupa ikatema mashapo yake kwa kishindo. Ndoo ikajaa maneno yake mwenyewe, yakisukumana kama watu kwenye foleni. Yeye alikuwa amejiziba masikio kwa nta. Mjane alibeba ndoo, akaimwaga kwenye mfereji wa uani, akaisuuza.

Kisha akanawa mikono, akamvalisha binti yake gauni safi, akaenda naye sebuleni kwa mama mkwe.

"Nimemaliza, mama. Tumekuja kwa ile ahadi."

"Kaeni." Mama mkwe alifungua chupa, akamimina. Povu likapanda.

"Kaka, mshumaa unawaka?"

Wakasubiri. Povu likashuka. Hakuna kingine.

"Umesikia?" aliuliza mama mkwe.

"Nimesikia."

"Anauliza, hajibiwi. Kaka yake hayupo hapo." Akanywa, akapangusa midomo. "Mlevi anaongea na ukuta, kama tulivyosema tangu mwanzo. Ndiyo nimpe mistari mtoto wa mtu kama huyo?"

"Mama, uliapa."

"Niliapa kabla sijasikia ushahidi, mkwe."

Hotelini, divai ile ilitolewa kwanza kwenye harusi kubwa. Mnunuzi aliomba familia ilete mtu anayejua kuimimina, akaletwa mjane, na binti yake wa kusaidia glasi. Vizibo vikafunguliwa pamoja. Kutoka kila meza marehemu akauliza swali lake, kwa adabu, na kikohozi kidogo.

Wageni walikuwa watu waliolelewa vizuri. Hawakupenda kumwacha mtu ameuliza bila kujibiwa.

"Unawaka!" walijibu kwa pamoja, wakiinua glasi juu. "Shuka, bwana, shuka!"

Wakacheka, wakanywa. Mjane aliinamisha glasi iliyofuata kama inavyotakiwa, akamimina polepole ili povu lisifurike.

"Mama," alisema binti yake nyuma yake, "huyo si ni baba?"

"Ndiye," alisema mjane. "Shika trei vizuri."