Maksi za Mbege ya Mama Nderingo

Usiku wa jana niliota nimeketi kwenye dawati la darasa la watu wazima, lile lile la mwaka 1973, magoti yakinigusa kidevu, nikisubiri kuisahihisha chupa ya bia.

Chupa yenyewe ipo kweli. Mkwe wangu Yonazi aliileta Jumamosi kutoka Arusha, ambako rafiki zake wawili wanapika bia ya maua ya hopsi katika karakana ndogo. "Baba, wewe unajua kupima vitu," aliniambia. "Onja, utupe maksi." Alisema kweli. Nilianza maisha nikipasua mawe, nikasoma masomo ya jioni, nikastaafu nikiwa karani wa ghala la kahawa. Tangu nijue kuandika nina daftari, na humo kila kitu nakipa maksi kati ya kumi: redio, mahubiri, viatu, mvua za vuli. Bia ile niliinywa jana jioni, peke yangu, barazani. Nililala kabla sijaandika.

Basi ndotoni chupa imesimama juu ya meza ya mwalimu. Imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, na ubaoni pameandikwa: BIA KALI.

"Shikamoo, Mzee Kirenga," inasema.

"Marahaba. Mbona umefungwa?"

"Ni kwa usalama wa wapita njia. Nina asilimia nane na nusu."

"Na umri?"

"Wiki sita."

"Umekua haraka," nasema, nami naandika hivyo.

Naimimina kwenye glasi. Povu linasimama wima, mikono nyuma, kama wanafunzi mkaguzi anapoingia. "Kaa," naliambia.

"Siwezi, mwalimu. Nikikaa mapema unanikata maksi."

Ni kweli. Nimefurahi kukutana na povu linalojua sheria. Kisha naita majina ya harufu.

"Chungwa?"

"Nipo."

"Msonobari?"

"Nipo."

"Nyasi mbichi?"

"Nipo, lakini nimekuja na mafua."

Nakunywa. Uchungu unaingia mdomoni umevaa koti. Unavua kofia, unapita katikati ya meno ukisema samahani, samahani, unakwenda hadi nyuma kabisa ya ulimi na kuketi. Mara unainuka.

"Hiki kiti kina joto," unasema. "Kilikuwa cha nani?"

"Cha msesewe," ulimi wangu unajibu.

Msesewe ni gome la mti. Kwetu Uchagani linachemshwa na kutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ili iwe na uchungu wa kiutu uzima. Sikuona ajabu ulimi wangu kulijua jina hilo. Nilichoona ajabu ni kwamba ulikuwa na sanduku la safari, nao ulikuwa unakunja nguo.

"Unakwenda wapi?" nauuliza.

"Msesewe wa Mama Nderingo ameketi kwenye kiti hiki miaka arobaini," ulimi unasema. "Fungua daftari unionyeshe maksi zake."

Daftari linajifungua lenyewe. Naona maksi za baiskeli niliyouza mwaka 1981. Naona maksi za daktari wa meno, tatu na nusu. Halafu ukurasa wenye kichwa cha habari kwa mwandiko wangu mzuri: Mbege ya Mama Nderingo. Chini yake, weupe mtupu.

Chupa inatikisa mnyororo. "Mzee, kwa heshima zote, mimi sisahihishwi na mtu mwenye ukurasa mtupu."

"Ladha ya mwisho ikifika kabla hujaujaza," ulimi unasema, "mimi naondoka. Natafuta mtu anayeshukuru. Utabaki na meno, nayo yamebaki tisa."

"Ladha ya mwisho itafika lini?"

"Huwa inachelewa kidogo. Inakuja kwa miguu."

Tunasubiri. Ubao unageuka jani la mgomba. Dawati linageuka kigoda, nami nashukuru, kwa kuwa magoti yangu yamepata nafasi. Sasa tuko nyuma ya nyumba yangu ya kwanza, kwenye jiko la nje, na moshi unanitoa machozi. Ladha ya mwisho inapanda mteremko polepole, imejifunga khanga kiunoni, na mkononi imebeba kata ya mbege.

Ni mke wangu, Aikande, Mama Nderingo mwenyewe. Ana miaka ishirini na minne na majivu kwenye kiwiko.

Anaitazama glasi yangu. "Nani amekuonjea hiyo?"

"Hakuna."

"Umekunywa pombe ambayo aliyeipika hakuonja mbele yako? Peke yako? Na elimu yote hiyo?"

Chupa inainamisha shingo. Ningekuwa na shingo kama ile ningeinamisha pia. Kila mtu kwetu anajua kwamba mpishi huonja kwanza, ndipo humkabidhi mgeni.

Aikande anakunywa funda moja, anafuta ukingo wa kata kwa kidole gumba, ananipa kwa mikono miwili. Nakunywa. Ulezi unanikwaruza mdomo, ndizi inafuata, na nyuma kabisa msesewe anaketi kwenye kiti chake bila kuuliza.

"Haya," anasema. "Ikoje?"

Nami najibu kama baba yangu alivyojibu, na babu yangu, na wanaume wote wa ukoo wetu walipoulizwa na wake zao.

"Inanyweka."

Ulimi unafunga sanduku. Nausikia mlio wa kufuli, kisha hatua zake zikielekea mlangoni.

"Ngoja!" nasema, na neno linatoka nusu. "Kumi! Andika kumi!"

"Sababu?" ulimi unauliza, mguu mmoja nje. "Wewe huwa unadai sababu."

Basi nasema haraka, maana herufi zimeanza kunipungua. Nasema kwamba kila Jumanne na Alhamisi, nikiwa darasani, yeye alikoroga sufuria kubwa kuliko yeye. Kwamba kibuyu cha kwanza cha mbege alikipeleka kwa jirani, akarudi na chupa ya mafuta ya taa, ili nipate mwanga wa kusomea. Kwamba barua yangu ya kwanza maishani niliiandika kwa mwanga wa mbege yake, nayo ilikuwa barua ya kuomba kazi ya ukarani, wala sikumtaja. Kwamba watu walinipongeza kwa kujisomesha mwenyewe, nami niliitikia asante.

"Pongezi hizo zilikuwa zako, Mama Nderingo," nasema. "Nilizipokea mimi kwa makosa."

Ulimi unarudi, unaketi, unaanza kukunjua nguo. Chupa inalia kidogo kwa nje, kama chupa za baridi zinavyolia.

"Na mimi?" inauliza.

"Nane. Ungeonjwa mbele yangu na aliyekupika, ningekupa tisa."

"Asante, mwalimu."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilimkuta Aikande jikoni, miaka yake sabini na minne, anachuja chai. Nilisimama mlangoni nikiyapanga maneno, maana ya ndotoni yalinitoka kwa kutishwa, na haya nilitaka yatoke kwa hiari.

"Mama Nderingo," nikasema, "ile mbege uliyokuwa unapika nilipokuwa nasoma..."

"Kwanza simama hapa kwenye mwanga."

Alilowesha pembe ya khanga yake, akanifuta masharubu, akatazama alichokitoa. Akakiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa pumba ya ulezi, bado mbichi.

Mgongo wake ulimwachisha kupika mbege miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu hapo humu nyumbani haijaingia hata punje ya ulezi.

Akanimiminia chai. Kabla ya kunipa, alionja.

"Haya," akasema. "Ngapi?"