Picha ya Mkamwana

Mzee Hezroni wa Ikolo hakuwa na mke, hakuwa na meno ya upande wa kushoto, wala hakuwa na studio, maana chumba chake cha picha pale Kyela mjini siku hizi kinauza chaja za simu. Picha alikuwa nazo elfu nne simuni, lakini ya kumfanya asimame aitazame hakuwa nayo. Na neno jema kutoka kwa mkamwana wake Lusungu, mke wa mwanawe, hakuwa nalo hata la kuazima.

Kisa kilikuwa msiba. Siku alipozikwa mkewe, Hezroni alipiga picha kwa simu kama mtu anayepukuchua mahindi, akazimwaga zote kwenye kundi la ukoo bila kuzitazama. Moja ilimwonyesha Lusungu analia, kinywa wazi, kitenge kimemdondoka kichwani. Ukoo ukacheka. Lusungu alikuwa wa kushika mila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Ameishika miaka ishirini na minne, halafu uso wake unazungushwa viganjani mwa watu na mkwe yuleyule. Tangu siku hiyo hakukubali kupigwa picha na yeyote, na neno la kumfikia mzee alilipitisha kwa jogoo wa pale nyumbani, mzee akiwa anasikia.

Ndipo Diana, binti wa Lusungu, muuguzi Dar es Salaam, alipomtumia babu yake filamu moja ya picha thelathini na sita kwa ajili ya kamera yake ya zamani, pamoja na barua. "Babu, mwezi ujao naenda kufanya kazi Omani, miaka miwili. Picha pekee niliyo nayo ya mama ni ile ya msiba. Nipigie nyingine."

Filamu haitaki upuuzi. Hezroni alikaa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, asubuhi nzima kwa ajili ya picha moja tu, vyungu vya wafinyanzi wa Kikisi vikishushwa mtumbwini, akingoja kivuli kihame. Akalingoja wingu litoke mlimani. Wiki mbili, picha kumi na moja. Alijisikia kijana tena na, kama ilivyo desturi yake, akajiona ameshahitimu.

Ya kumi na mbili aliiiba. Lusungu alikuwa akigeuza kokoa kwenye jamvi. Hezroni akajibanza nyuma ya mgomba, akajiambia kwamba lenzi si jicho. Kamera ikalia.

Lusungu akavuta kitenge usoni, akamgeukia jogoo.

"Wewe jogoo, mwambie mwenye mji nimesikia. Mtu mzima anajificha migombani kama ngedere. Aifute."

"Mwambie hii si simu," Hezroni alimjibu jogoo. "Haifutiki."

"Basi mwambie na chakula hakipikiki."

Siku mbili mzee alikula ndizi mbivu na hasira. Alijua dawa iliyokuwepo. Ukifungua kamera mwangani, zote zilizokwisha kupigwa zinaungua, ile moja na kumi na moja zake; zisizopigwa hubaki salama mkebeni. Akaikumbatia kamera, akazihesabu moja moja kichwani. Vyungu alivingoja. Wingu alilingoja. Mtu hakumngoja.

Siku ya tatu, jua la saa sita, alisimama katikati ya uwanja akafungua mgongo wa kamera.

"Mwambie imeungua," alimwambia jogoo. "Na nyingine kumi na moja."

"Mwambie sikumtuma Matema."

Hezroni akaufunga mgongo wa kamera. "Mwambie Diana anaondoka mwezi ujao. Mwambie nauliza, siibi."

Kesho yake asubuhi kigoda kilikuwa kimewekwa uwanjani, penye mwanga mzuri.

Mzee alisimamisha mchi kwenye kinu kando ya kigoda, akakadiria kimo cha mtu aliyekaa, akapima umbali kwa kamba. Akaulenga mchi kwa muda mrefu, kamera ikiwa juu ya meza. Kisha akapita mbele ya meza, akaielekea kamera, kigoda kikiwa mgongoni mwake.

"Mwambie akae. Nikivuta hiki kimkono, zitapita sekunde kumi kamera ijipige yenyewe."

Akasikia kinu kinasogezwa.

"Jogoo, mwambie akigeuka, kamera hii nitaitia motoni."

Alivuta, akabonyeza, akapita kando ya meza, akaenda mbele moja kwa moja hadi migombani, macho kwenye majani. Nyuma yake kamera ikalia. Hakugeuka. Hakuna picha aliyowahi kutaka kuiona kama ile.

Picha zilizobaki hakuzipiga. Aliirudisha filamu kwenye mkebe wake, akaandika:

"Diana, mama yako yumo humu. Mimi sijamwona. Peleka ikasafishwe, na mimi usinitumie nakala. Kama ni mbaya, kosa ni langu. Babu yako, Hezroni."

Gundi ya bahasha haikuwepo, akalalamika kwa sauti. Alipofungua mlango alikuta kisahani cha wali kizingitini, wa moto, wa kwanza tangu ugomvi.

"Jogoo," sauti ilitoka jikoni, "mwambie ni wa kula, si wa kupaka karatasi."

Hezroni alichukua punje nne, akazisaga kwa kidole gumba, akaibandika bahasha mpaka pembeni, akaikandamiza kwa kiganja. Kabla ya adhuhuri aliikabidhi kwenye ofisi ya mizigo ya basi la Dar es Salaam.