Swali la Nne

Jumatano moja, saa tisa alasiri, mhojaji wa ofisi ya takwimu alipiga hodi kwenye nyumba ya mwisho kule kilimani. Alikuwa na madodoso ya hali ya moyo na akili: la kijani la watoto, la manjano la wazee. Nyumba ile iliyahitaji yote mawili. Waliishi humo bibi wa miaka sabini na mitatu, ambaye magoti yalishamgomea, na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja. Mama wa mtoto alifanya kazi mbali na kurudi kila mwisho wa mwezi.

Akaanza na mtoto. Maswali matatu yakapita bila tabu.

"La nne. Wiki mbili hizi, ni mara ngapi umeamka mwili umepumzika?"

Mtoto akafikiri. Nywele zikaanza kumgeuka mvi kutoka utosini, mgongo ukapinda, mashavu yakaingia ndani, mpaka akawa kikongwe ndani ya sare ya shule.

"Hata mara moja," akajibu kwa sauti ya kukwaruza.

Mwongozo wa kazi ulimtaka mhojaji asioneshe hisia. Akaweka alama, akamgeukia bibi, akamsomea lilelile.

"Mimi? Kila siku. Nalala fofofo mpaka jua linichome," bibi akasema, na kabla hajafunga mdomo alikuwa kabinti kembamba, kanga zimemmeza.

Akaikunja miguu yake, akaikunjua. Haikuuma. Kisha akamtazama mjukuu wake.

"Unaamka saa ngapi, mjukuu wangu?"

"Saa kumi alfajiri. Foleni ya bombani ni ndefu, bibi."

"Mbona huniambii?"

"Ungesema utakwenda mwenyewe."

"Kumbe usingizi ninaolala ni wako," bibi akasema. Akamwuliza mhojaji, "Hali hii inaisha lini?"

"Nadhani nikisoma swali la tano."

"Basi mwanangu, usilisome kwanza."

Akajifunga kanga kiunoni, akabeba ndoo, akateremka mbio. Mtoto akajilaza mkekani na kukoroma papo hapo. Kule bombani, jirani mmoja alimkagua yule binti kwa jicho la pembeni, akaona bora asikosee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea kidogo nikinge maji."

Alipanda na kushuka mara nane. Mapipa yalipojaa, mhojaji alisoma swali la tano, na kila mtu akarudia umri wake. Mtoto aliamka akaomba chakula. Bibi alikaa chini taratibu, akashika magoti yake, akacheka peke yake.

Ofisini, msimamizi alizipokea fomu na kukuna kidevu.

"Dodoso halina nafasi ya mtoto mwenye uchovu wa miaka sabini."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Sikatai. Chukua wastani wa nyumba."

Wastani ulikuwa mzuri. Ripoti ikaandika kwamba hali ya watoto wa kilimani inaridhisha, na ombi la wakazi la bomba la pili likarudishwa kwa kukosa sababu.

Mhojaji aliisoma ripoti ile mara mbili. Jumatano iliyofuata, baada ya kazi, akapanda kilima na madodoso yake, bila kutumwa na mtu. Akaenda na Jumamosi. Bibi alikuwa akimngojea mlangoni, ndoo ziko tayari. Siku hizo maji yalitekwa ya kutosha siku tatu, na mtoto akalala mpaka kunakucha.

Bomba limebaki lile moja, na foleni ni ileile. Ila ilipofika mwezi wa tatu wa safari hizo, mhojaji aliposoma swali la nne, mtoto alizeeka mpaka miaka arobaini tu, akaishia hapo.

Bibi, tayari msichana, alimzunguka akimkagua kichwani.

"Mvi nne," akasema kwa kuridhika. "Nenda kalale, mama." Akatoka na ndoo zake.