Stiptisiti ya Mzee Severin

Mzee Severin aliacha masomo ya famasia zamani, akabaki na neno moja tu: stiptisiti. Alilipata katika kamusi kuukuu ya udaktari aliyoinunua kwenye mitumba ya Farsta, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa Mswahili wa Stockholm aliyesalimika nalo.

Tumbo likiendesha, umepungukiwa stiptisiti. Fizi zikitoka damu, stiptisiti. Hata viganja vikitoka jasho! Dawa ilikuwa ndizi mbichi na chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi tii. Hakuna aliyethubutu kuuliza neno lenyewe lina maana gani. Utamuulizaje mtu mzima jambo kama hilo mbele za watu? Waliitikia kwa vichwa, wakaenda kuchemsha chai. Kwa heshima hiyo wakamtaka awe mwenyekiti wa umoja wao, uchaguzi Jumapili, katika ukumbi wa Hallonbergen. Severin alikitamani kiti hicho mpaka akashonesha suti.

Shida ilikuwa Anastase, Mrundi wa Märsta, mpiga debe wake mkuu. Tumbo lilimwendesha, akanywa chai ya Mzee, likaacha kuendesha. Likaacha kila kitu. Alipoanza kutembea kama aliyebeba ndoo kichwani, Severin akamsindikiza hospitali.

Daktari, binti mdogo wa Kiswidi, aliuliza wametumia nini.

"Stiptisiti," Severin akajibu, kifua mbele.

Binti akatafuta kwenye kompyuta, hola. Akamwita mwenzake anayekaribia kustaafu, naye akacheka mpaka akavua miwani. "Neno hilo mimi mwenyewe nililikuta limeshazikwa," akasema kwa Kiswidi. "Madaktari wa kale waliuita hivyo ukakasi, ule wa kitu kinachokaza mdomo na kufunga tumbo. Mfasirie mwenzako."

Anastase alikuwa akimkodolea macho. Severin akamgeukia.

"Wanasema ni neno zito sana."

Basi Anastase alipofunguka tumbo, akalitangaza neno hilo kila mahali: "Neno la Mzee hata kompyuta ya daktari haina!" Jumapili Severin akapita bila kupingwa.

Makofi hayajaisha, Raïssa akamsogelea na mtoto mgongoni. "Shikamoo Mwenyekiti. Mtoto anaharisha tangu jana. Chai nimeshachemsha. Nimpe kiasi gani?"

Severin akamtazama mtoto. Midomo imekauka, macho yamezama. Aliogopa, aliogopa kwelikweli, na suti ikaanza kumbana.

"Usimpe," akasema. "Stiptisiti ni ukakasi tu, mwanangu. Mimi sijui dawa yoyote. Twende hospitali sasa hivi, na njiani umnyweshe maji."



"Ukakasi?" Anastase akauliza, mkono tumboni. "Huu huu wa ndizi mbichi?"

"Huo huo."

"Aa! Huo si hata bibi yangu aliujua?" Akamgeuzia mgongo.

Hakuna aliyewasindikiza. Severin alikuwa akimfungulia Raïssa mlango aliposikia nyuma yake Bonaventure, Mkongomani aliyewahi kuuza dawa Bukavu, akisafisha koo. "Kwa kweli, ndugu zangu, mtoto yule ana…" Likafuata neno la Kifaransa, refu kuliko stiptisiti, na ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa.