Wiki Mbili Bila Tangazo

Shangazi ana ulimi wa kukata, na asubuhi hiyo aliuamsha mapema. Alisimama katikati ya karakana ya kutengeneza cherehani, mikono kiunoni, akamwambia mdogo wake, Fundi, kwamba mwisho wa mwezi mkwe wao aache kazi na meza yake itolewe.

"Tangazo la mtandaoni ndilo linalotuweka juu mtu akitafuta fundi," alisema. "Huyu anayeandika kutwa nzima anatusaidia nini? Akiondoka, tunaongeza tangazo la pili."

Fundi alikuwa ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo, mafuta mpaka kwenye kiwiko. Karakana ilikuwa yao wawili nusu kwa nusu, lakini kwa dada yake hakuwa na ubavu. Alimtupia jicho mkwe, mke wa mwanawe, kisha akarudi kwenye skrubu zake.

Na huyo mkwe, jamani, niacheni nimsifu kidogo. Aliingia pale hajui hata sindano ya kitambaa kizito inafananaje. Akajibanza pembeni ya Fundi, akaanza kuuliza. Kwa nini uzi unakatika? Kwa nini mshono unaruka? Fundi si msemaji. Ukimwuliza hali yake atakujibu kwa nyusi. Ila mwulize habari za cherehani, utaomba mwenyewe anyamaze. Mkwe aliandika kila neno kwenye tovuti ya karakana, akapiga picha kila kipuri, akampa Fundi asome. Fundi akisema "hapa umenikosea," anafuta anaanza upya. Miaka miwili, kurasa mia na zaidi. Kazi hiyo si mchezo.

Shangazi hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Yeye alikuwa na kazi yake ya siri. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliandika kwenye simu "fundi wa kutengeneza cherehani", akaliona tangazo lao pale juu, akalibonyeza, moyo ukatulia. Kisha akaingia kwenye kundi la ukoo: "Amkeni, bonyezeni!" Na ndugu kumi na wawili, kila mmoja na simu yake kitandani, wakabonyeza. Aliamini kila mbonyezo unaisukuma tovuti juu kidogo. Fundi hakuwemo kundini wala hakuambiwa, maana Shangazi alikuwa akingoja siku atakayoulizwa siri ya mafanikio ndipo ajibu kwa madaha.

"Shangazi," mkwe alisema taratibu, "naomba tulizime tangazo wiki mbili. Tukishuka, naondoka mwenyewe, mwisho wa mwezi sisubiri. Tusiposhuka, nibaki na kazi yangu."

"Tulizime? Una wazimu wewe? Tukiacha kuwalipa hao wenye mtandao wa kutafutia, si watatutupa shimoni!"

Mkwe akamgeuzia kompyuta. "Hebu tazama. Hapa juu pameandikwa 'tangazo'. Nafasi hii inalipiwa; usipolipa, inaondoka. Lakini hizi za chini haziuzwi. Wanazipanga kwa namna ukurasa unavyomjibu aliyeuliza. Kulipa kule juu hakutupandishi huku chini, na kuacha kulipa hakutushushi."

"Nani kakwambia?"

"Wenyewe wanasema hivyo. Lakini usiwaamini wao, wala usiniamini mimi. Tupime."

Shangazi alikubali upesi, kwa sababu alijua atashinda. Jumatatu tangazo likazimwa.

Alipofungua simu siku ya kwanza na kuona pale juu hapana kitu, roho ilimruka. Akateremsha kidole. Karakana yao ilikuwa ya pili katika zile za chini. "Bado hawajagundua," akasema. "Ngojeni kesho." Kesho ikafika, bado ya pili. Jumatano akadai simu yake inamwonea huruma kwa kuwa imemzoea, na mkwe, badala ya kumcheka, akamwambia kweli linawezekana, aazime simu za watu wengine. Basi kila mteja aliyeingia alinyooshewa mkono kabla ya salamu. "Nipe simu yako, natazama kitu." Watu walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Kwenye simu hii walikuwa wa pili, kwenye ile wa tatu, kwenye nyingine wa kwanza kabisa. Shimo halikuonekana.

Wiki ya pili akaingia mshonaji mmoja wa sare za shule, amebeba kichwa cha cherehani ndani ya beseni, kimefungwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Alitoka mbali.

"Umetujuaje?" Shangazi akamrukia.

"Niliuliza kwenye simu kwa nini cherehani inakata uzi ikifika kwenye kona. Ikaniletea ukurasa wenu. Nikapapasa sahani ya sindano, kile kibati chenye tundu la sindano, kama mlivyoelekeza, kweli ina mkwaruzo! Nikasema, walioandika haya ndio nitakaowapa mashine yangu. Nani huyo?"

Shangazi alinyoosha kidole kwenye meza ya mkwe. Yule mshonaji akaenda akamshika mkwe mikono yote miwili, akamshukuru mpaka mkwe akaona haya.

Ndipo Shangazi akausoma ukurasa ule, kwa mara ya kwanza. Loo! Alikuwa ni mdogo wake mtupu. Yule bubu wa mezani, ambaye yeye Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa humo anaongea, anaeleza kwa subira, na kichekesho kimoja katikati. Shangazi alifuta macho kwa upindo wa kanga, akasoma wa pili, akasoma wa tatu.

Wiki mbili zikatimia. Waliofika kupitia zile nafasi zisizolipiwa walikuwa wengi vilevile kama zamani.

"Umeshinda," Shangazi alisema. "Na lile tangazo, lilikuwa linatuletea nani?"

"Tangazo lina kazi yake, Shangazi, hasa kwa huduma mpya ambayo haijajulikana. Tuyaache hayo."

"Nionyeshe."

Mkwe alisita, kisha akafungua ripoti. Mibonyezo kumi na mitatu kwa siku, na kila mbonyezo umetozwa bei yake. Kumi na mitatu. Kumi na minne. Karibu yote kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, karakana haijafunguliwa bado. Shangazi alihesabu ukoo kwa vidole, akajijumlisha mwenyewe. Kumbe siku zote hizo alikuwa akilipia ndugu zake waje kuchungulia na kuondoka!

"Ulijua?" akanong'ona.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na siku ile nataka ufukuzwe, ulikuwa nayo ripoti hii?"

"Nilikuwa nayo."

"Mtoto wewe! Ungemwonyesha Fundi, yangeisha palepale!"

"Yangeisha kwangu," mkwe alisema. "Wewe ungeificha wapi sura yako mbele ya mdogo wako?"

Shangazi aliifunga kompyuta. Akasimama.

"Fundi! Zima hiyo mashine. Na nyie wateja, sogeeni msikie."

Akasema yote: kundi la ukoo, amkeni bonyezeni, ripoti, hakuacha hata nukta. Fundi aliangua kicheko mpaka akashikilia meza. Shangazi akamwacha acheke.

"Cheka ukimaliza unisikilize," alisema. "Nilitaka kumtoa huyu kwa ujinga wangu, naye akakubali kuhatarisha kazi yake mwenyewe ili nisiaibike. Nisamehe, mwanangu. Siku nikisema tena uondoke, nitolewe mimi."

Mkwe alikuwa akilia. Shangazi akaenda akamkumbatia mbele ya wateja wote.