Sproketi ya Meno Arobaini na Nane

Gereji ya Fundi Meno haikuwahi kukosa watu. Lilikuwa banda la mabati lenye benchi moja na tairi kuukuu sita za kukalia, na tairi zote sita zilikuwa na wenyewe. Mshona viatu wa jirani alihamishia sindano zake hapo kila asubuhi kwa kisingizio cha kivuli. Dada muuza vocha alikuja siku moja kuchaji simu, akasahau kuondoka. Waendesha pikipiki wa kituoni waliingia na kutoka kama kwao. Jina la Meno lilimpata fundi kwa kuwa alihesabu meno ya kila sproketi, lile duara la chuma linalopitiwa na cheni, kwa sauti kabla ya kuifunga, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa na pengo la mbele la kupitisha kidole. Alilipenda jina lake, na watu aliwapenda zaidi.

Alikuwa na utaratibu ambao banda zima liliujua. Kazi ikiisha, kabla pikipiki haijatoka, alisimama na kitambaa mkononi akataja kila kilichofunguliwa, na aliyekaa karibu aliinama, akaangalia kwa macho yake, akajibu: imekaa. Nati ya ekseli? Imekaa. Breki? Imekaa. Aliuanzisha baada ya kusahau kukaza gurudumu la mteja mmoja, akaona macho ya mtu mmoja hayatoshi. Miaka tisa sasa hakuna chombo kilichomrudia kwa ubaya, na hilo alilisimulia kila alipopata sikio.

Asubuhi ile aliingia shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, uso umemvimba kama aliyenyimwa. Kituoni walimwita Konokono. Pikipiki yake ilikuwa nzito kuondoka: taa ikiwaka kijani wenzake wanaruka, yeye ndiyo kwanza anakohoa moshi. Jana yake abiria alikuwa ameshuka katikati ya safari akisema bora atembee. Mshona viatu akasema habari hiyo ameshaipata kwa watu wawili, na wa pili aliongeza kwamba yule abiria ndiye aliyetangulia kufika.

Shemeji hakucheka. Akatoa kwenye mfuko sproketi mpya ya nyuma, pana kama sahani, na cheni mpya ndefu.

"Nifungie hii, shemeji. Nikivuta mafuta, nataka iruke."

Meno akaizungusha kwa kidole huku akihesabu, na banda likahesabu naye mpaka arobaini na nane. Iliyokuwa kwenye gurudumu ilikuwa na arobaini na mbili tu. Akamweleza kama alivyowaeleza wengi: meno yakizidi nyuma, pikipiki inapata nguvu za kuondoka na za kupanda, lakini mwendo wa mwisho unapungua, injini inapiga kelele mapema, na gurudumu la mbele linakuwa na kiburi cha kuinuka. Akamuuliza haraka ya nini.

Ndipo shemeji aliposhusha sauti. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na saa nane mchana huu alitakiwa kliniki, kule juu ya mlima. Mwezi uliopita pikipiki ilikuwa imezimika katikati ya mpando, mama mjamzito akashuka akapanda kwa miguu, mume nyuma anasukuma chuma. Akarudi nyumbani akanuniwa siku tatu.

"Leo sitaki ashuke," akasema.

Basi Meno akaanza kazi, maana mke huyo alikuwa mdogo wake aliyemlea mgongoni. Gurudumu likatoka, sproketi ya zamani ikang'oka, mpya ikakaa mahali pake. Cheni akaizungusha, akaziunganisha ncha zake kwa loki, kile kipande chenye pini mbili, akalibana bamba lake kwa koleo mpaka likaingia. Ilibaki klipu. Klipu ni kijibati kidogo kuliko ukucha, lakini ndicho kinacholizuia bamba lisichomoke. Meno alikiweka juu ya kifuniko cha kopo la grisi, kama alivyofanya siku zote, ili kisipotee.

Hapo dada muuza vocha akafika na habari. Mchumba wa seremala alikuwa amerudisha pete, tena hakuileta mwenyewe, alimtuma mama yake mzazi. Banda likachangamka. Meno hakuwahi kupokea umbea kwa mgongo. Aligeuka na koleo mkononi, akauliza pete ilirudi ndani ya nini. Ilirudi ndani ya kisanduku cha kiberiti, akajibiwa, na seremala akadhani ameletewa kiberiti. Mshona viatu alicheka mpaka akajichoma sindano. Mtu akarusha kitambaa, kikaangukia kopo la grisi.

Kicheko kilipopungua, mikono ya Meno ilirudi kazini yenyewe, ikaanzia ilipodhani imeishia. Akapima ulegevu wa cheni, akakaza ekseli, akasimama.

"Ekseli?"

"Imekaa."

"Breki?"

"Imekaa."

"Loki na klipu?"

"Imekaa," sauti moja ikajibu, na hadithi ya pete ikaendelea.

Shemeji akapanda, akavuta mafuta. Pikipiki ikaruka kama iliyopigwa sindano, gurudumu la mbele likainuka kiganja kizima kutoka ardhini, na watu wa kituoni ng'ambo ya barabara wakapiga mbinja. Mmoja akasema konokono ameacha gamba nyumbani. Meno alisimama mlangoni akitabasamu, lakini ulimi wake ulikuwa unalitafuta lile pengo la mbele, kama ulivyozoea kufanya kila jambo lisipokuwa sawa. Alikuwa amesikia kitu kikigonga, tik, tik, kila cheni ilipomaliza mzunguko. Akajiambia kila cheni mpya ina lugha yake.

Saa nane kasorobo alihitaji grisi. Akainua kitambaa, na klipu ikamtazama kutoka juu ya kifuniko, iking'aa, haijaguswa.

Akauliza taratibu nani aliyejibu kuhusu loki.

Mshona viatu alidhani ni muuza vocha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Muuza vocha alisema yeye alikuwa anawatazama wao, angeionaje cheni? Wakatazamana, watu watano, kila mmoja akiwa ameisikia ile sauti vizuri na hakuna aliyemjua mwenyewe. Na kilichomtisha Meno zaidi ni kwamba hata yeye asingeweza kuapa kuwa haikuwa yake.

Akampigia shemeji. Simu iliita mpaka ikachoka. Akampigia mdogo wake, akapokea upepo, kisha kicheko.

"Kaka, umeitengeneza kweli. Tuko mlimani, inapanda tu. Leo sishuki."

"Mwambie asimame. Asimame hapo hapo."

"Unasemaje? Upepo, kaka. Nikifika nitakupigia."

Ikakatika. Meno alipanda nyuma ya pikipiki ya kwanza aliyoiona, na watu wa banda wakadaka nyingine mbili wakamfuata. Njia nzima alikuwa ameifumba klipu mkononi mpaka ikamkata.

Kwenye kona ya pili ya mlima waliikuta cheni. Ililala katikati ya barabara, imenyooka, mpya, bado ina mafuta yake. Hatua chache mbele ulianza mchirizi mweusi wa tairi iliyofungwa breki ghafla, ukapinda kuelekea mtaroni, na baada ya mchirizi walisimama watu.

Watu wakampisha. Shemeji alikuwa amepiga magoti, goti moja limechanika, akisema jina la mkewe na halafu akilisema tena. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, kiatu kimoja mguuni, mikono yote miwili tumboni. Uso haukuwa na mchubuko hata mmoja. Gari lilikuwa limeshaitwa, mtu akaeleza, linashuka kutoka kliniki.

Meno akachuchumaa mbele yake. Alitaka kuomba radhi, ulimi ukaishia kwenye pengo.

"Hajacheza, kaka," mdogo wake akasema. "Tangu tuanguke hajacheza."

"Atacheza tu, mama, yuko salama," sauti ikasema nyuma yao, laini, ya haraka, ya mtu ambaye hajaangalia.

Meno akageuka.

"Nani kasema?"

Akawapitia mmoja mmoja, mshona viatu, muuza vocha, waendesha pikipiki, wapita njia, na kila aliyefikiwa na macho yake alitazama chini.

"Nyamazeni," mdogo wake akasema, akafumba macho na kukandamiza viganja tumboni. "Nyamazeni nisikilize."

Wakanyamaza, wale watu wasiojua kunyamaza, mpaka gari likasikika likishuka kona ya juu, na mikono yake tumboni ilikuwa bado inangoja.